Meli Iliyolala Manza na Shehena Iliyotembea kwa Miguu

Hotuba kwa wazee, wavuvi na wanafunzi, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, wavuvi mliokuja kutoka Manza, Moa na Kwale, na ninyi vijana wa shule mliokaa mkekani kwa sababu viti havikutosha, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie meli, na nitaizungumzia. Lakini kwanza niseme ninatoka wapi, mjue kwa nini nitaisimulia hivi na si vinginevyo. Miaka yangu mingi niliitumia bandarini, kalamu mkononi, nikihesabu shehena. Hapa kwetu meli kubwa zilikuwa zikisimama mbali, mzigo unashushwa kwenye matishali, matishali yanavutwa mpaka gatini, na gatini wanangoja makuli. Mtu aliyefanya kazi ile hawezi kusema "meli imefika" akadhani amemaliza habari. Meli ikitia nanga, mzigo ndiyo kwanza unaanza kutafuta mgongo wa kuubeba.

Meli ninayoisema ni ile iliyozama Manza mwaka 1915. Nilipokuwa mtoto niliambiwa ilijaa dhahabu. Haikuwa na dhahabu. Ilikuwa na makaa ya mawe, bunduki, risasi kwa mamilioni, makombora ya mizinga, nguo, mahema na dawa. Jina lake la asili ni Rubens, na ilikuwa meli ya shehena ya Waingereza, ya kawaida kabisa, ya kuchukua mizigo ya wafanyabiashara. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914 ikajikuta Ujerumani, ikakamatwa. Jeshi la majini la Ujerumani likaichukua, likaigeuza meli ya kupeleka vifaa vitani, na kwa sababu bahari yote ilikuwa inalindwa na Waingereza, likaivalisha nguo za uongo. Ikapewa jina Kronborg na alama za Denmark, nchi ambayo haikuwamo vitani. Mabaharia wakachaguliwa wanaojua Kidenishi, watu wa Schleswig ya kaskazini, ambako watu walikuwa chini ya Ujerumani lakini nyumbani wanazungumza Kidenishi. Nahodha alikuwa Carl Christiansen, ofisa wa akiba. Juu ya sitaha zikapangwa mbao, ili atakayeitazama kwa darubini aseme ni meli ya mbao. Bunduki zilikuwa chini, ngamani.

Iliondoka Ujerumani Februari 1915. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo njia fupi haikuwepo. Ikapanda kaskazini ikaizunguka Scotland, ikashuka bahari ya Atlantiki yote, ikakata Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda tena kuja kwetu. Karibu miezi miwili bila kuingia bandari yoyote. Wavuvi mnajua maana ya kukaa baharini siku tatu na chombo ambacho hukiamini. Wale walikaa siku hizo zote na jina lisilo lao, kila moshi unaoonekana upeoni unaweza kuwa mwisho wao. Ubaharia wao siwezi kuudharau, na sitaudharau leo.

Walikuwa wanamfuata nani? Walikuwa wanaifuata manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg. Wazee wa Unguja waliijua. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja, ikaikuta manowari ya Waingereza Pegasus imesimama kwa matengenezo ya injini, ikaipiga mpaka ikazama. Baada ya hapo ikakimbilia Rufiji na kujificha katika mikono ya mto, ndani ya mikoko. Kapteni wake, Max Looff, alipata maficho mazuri na hakupata makaa. Meli ya Somali iliyokuwa ikimhudumia kwa makaa ilipigwa na Waingereza ikateketea humo humo Rufiji. Manowari ya enzi ile bila makaa ni sawa na jahazi lililokatwa mlingoti. Kwa hiyo Berlin ikatuma Rubens: makaa ya kuifufua Königsberg iweze kutoka na kurudi kwao, na silaha za jeshi la nchi kavu, kama nafasi ingepatikana.

Na jeshi la nchi kavu lilikuwa na njaa ya risasi. Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo habari ya meli inapoingia katika ardhi yetu. Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa Tanga na jeshi kutoka India wakashindwa vibaya, wakaacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha ambazo askari waliziita bombom, na risasi nyingi. Miezi miwili baadaye, Januari 1915, wakapigana tena Jasini, pale mpakani, mahali ambapo baadhi yenu mna mashamba. Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alishinda Jasini. Lakini baada ya ushindi ule alikaa akapiga hesabu. Risasi zipatazo 200,000 zilikwisha katika pigano moja, na maofisa wake wazoefu walikufa. Akaona kwamba kwa akiba aliyonayo anaweza kupigana mapigano ya namna ile labda matatu zaidi. Baada ya hapo angebaki na askari wenye mikono mitupu.

Tena wengi wa askari wake walibeba bunduki za mtindo wa 1871. Bunduki ile ikilia inatoa wingu la moshi mzito juu ya kichwa cha mpigaji, na adui anajua pa kulenga. Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo wakati Kronborg inakaribia maji yetu: mkuu wa jeshi anahesabu risasi kama mama anavyohesabu vibaba vya unga mwezi wa kiangazi.

Christiansen alipokaribia akaita kwa simu ya upepo, na Königsberg ikamjibu. Waingereza walikuwa wanasikiliza. Wakajua meli inakuja, na manowari Hyacinth, yenye bendera ya Admirali Herbert King-Hall, ikatoka kuitafuta. Christiansen aliambiwa asiende Rufiji, mlango ule umelindwa; apande kaskazini, upande wa Tanga. Makaa yaliyosafiri kutoka Ulaya kwa ajili ya Königsberg hayakuifikia kamwe, na mwezi Julai mwaka ule ule manowari ile ikapigwa na kumalizwa humo humo mtoni.

Tarehe 14 Aprili 1915 Hyacinth ikamwona Christiansen karibu na pwani hii. Kwa haki ingemkamata baharini. Lakini injini yake moja ikaharibika katikati ya mbio, ikapunguza mwendo, na Christiansen akapata muda wa kuingia Ghuba ya Manza. Akaingia ndani kabisa, mpaka maji mafupi. Hapo alifanya jambo ambalo mimi, mtu wa shehena, nimelifikiria miaka mingi. Akafungua njia za maji chini ya meli yake mwenyewe, bahari ikaanza kuingia ngamani. Kisha akaziwasha moto zile mbao za sitahani.

Angalieni akili yake. Chini, maji yanaukinga mzigo na moto. Juu, moto unamdanganya adui. Hyacinth ikafika, ikapiga makombora, ikatuma mashua zenye mabaharia. Wakakuta chombo kinawaka, kinazama, hakukaribiki. Wakaondoka wakiamini kwamba kazi imekwisha. Toka kwenye daraja la manowari ile, kwa kweli ilionekana imekwisha: moshi mpaka mbinguni, meli imelala kwenye matope.

Lakini ninyi mnaijua Manza. Meli iliyolala pale haijapotea.

Mabaharia wa Christiansen wameandikwa vitabuni, na ni haki yao. Yaliyofuata baada ya Hyacinth kuondoka ndiyo niliyokuja kuyasema, nayo yamepewa mistari michache sana. Moto ulipopoa kazi ya kuopoa ikaanza, na ikaendelea kwa wiki nyingi. Wapiga mbizi walishuka ngamani kwenye giza na maji ya chumvi. Makasha yakafungwa kamba, yakavutwa juu, yakashushwa, yakapelekwa ufukweni. Makaa yaliachwa. Bunduki zikatoka, risasi zikatoka, makombora yakatoka. Mwezi ulikuwa wa nne. Sihitaji kuwaambia mwezi wa nne Tanga unakuwaje. Masika imeshika, mvua inapiga mchana na usiku, njia zote ni tope, na kasha la risasi linateleza begani kama samaki. Mzigo ule ulitoka majini ukaingia mvuani, na aliyekuwa chini yake alikuwa mtu wa pwani hii.

Nimebeba makasha ujanani kabla sijapewa kalamu, na najua tofauti ya kasha kavu na kasha lililolala majini. Mbao hunywa maji. Uzito ulioandikwa ubavuni si uzito unaousikia shingoni. Kasha la risasi ni dogo kwa umbo, na kwa hiyo humdanganya anayeliinua mara ya kwanza. Risasi ni madini tupu.

Kisha ikaja kazi ya kukausha. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya ndani ya risasi nyingi. Askari walipozijaribu baadhi hazikulia. Ikabidi zifunguliwe moja moja: kichwa kitolewe, baruti imwagwe, ikaushwe, ganda lisafishwe, baruti irudishwe, kichwa kirudishwe. Fanyeni hesabu ya kitu hicho kwa risasi ambazo idadi yake ni mamilioni. Kazi hiyo ilifanyika Moshi, huko juu mwisho wa reli yetu ya Usambara, ambako Lettow-Vorbeck alikuwa na makao yake. Baadaye kila fungu lilijaribiwa kwa kupiga chache. Zile zisizokosa kulia zikawekwa kwa ajili ya bombom, maana risasi mbovu moja inaizuia mashine nzima. Zilizokosa kidogo zikaenda kwa askari. Zilizokosa sana zikabaki za mazoezi ya shabaha.

Makombora nayo yana safari yake. Königsberg ilipozama Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magurudumu. Makombora ya Manza yalikuwa ya kipimo kile kile. Kwa hiyo shehena iliyoletwa kwa manowari iliyokufa ikalisha mizinga ya manowari hiyo hiyo, sasa ikivutwa nchi kavu, milimani na porini. Mmoja wa mizinga ile ulifungwa hata kwenye meli ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Goetzen wakati ule, ambayo ninyi vijana mnaijua kwa jina la Liemba. Aliyefika Mombasa na apite Fort Jesus. Mzinga wa Königsberg uko pale, na wa Pegasus uko pale, maadui wawili wamekaa jirani.

Dawa pia zilifika, ingawa kwa upande wa homa ya malaria jeshi lile lilikuja kujitengenezea kwinini hapa hapa jirani, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milimani. Nalitaja kwa sababu wapo vijana wa Muheza hapa.

Sasa nitasema ninaloliamini. Meli ya Manza huwa inasimuliwa kama hadithi ya ujanja: Mjerumani kamchezea Mwingereza. Watu hucheka, hupiga makofi. Mimi naona ni siku ambayo vita hivi vilipewa miguu ya kutembea. Bila risasi zile, mkuu wa jeshi aliyehesabu mapigano matatu angeyapigana matatu yake, au angejificha, au angesalimu. Akapata bunduki mpya zisizotoa moshi, akapata risasi, na vita vikaendelea mpaka Novemba 1918, vikapita Morogoro, Rufiji, Mahenge, vikavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, vikarudi tena Songea, vikaishia Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Sisemi meli moja ndiyo iliyofanya yote. Nasema ilikuwa mlango.

Na mlango haukufunguliwa mara moja tu. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ikiongozwa na Conrad Sörensen, ilipenya ulinzi wote ikaingia Ghuba ya Sudi, kusini, kati ya Lindi na Mikindani. Ilileta mizinga mikubwa minne na mizinga midogo ya mlimani, pamoja na makombora, risasi, dawa na nguo. Lakini ipo habari moja ya Marie ambayo kila nikiikumbuka huniuma. Safari hii Wajerumani walikuwa wamejifunza. Huko Ulaya, kabla meli haijaondoka, shehena ilifungwa katika vipande vya kilo kama thelathini kila kimoja. Mnajua kwa nini kilo thelathini? Kwa sababu huo ndio uzito wa mzigo wa kichwa wa mpagazi. Wale waliofunga makasha yale hawajawahi kumwona mtu wa Sudi, hawamjui jina wala kabila, lakini shingo yake walikwisha kuipima. Alikuwa ameandikwa katika hesabu ya meli kama sehemu ya mitambo yake.

Mizigo ile ilikuwa makumi ya maelfu. Iliondoka Sudi kwa miguu, misafara kwa misafara, kuelekea jeshi lilikokuwa. Hyacinth ile ile iliyoikosa ya kwetu ikaja Sudi mwezi wa nne, ikapiga makombora ghubani; mzigo ulikuwa umekwisha kushushwa. Marie ikaziba matundu yake, usiku mmoja ikachomoka, ikavuka Bahari ya Hindi nzima mpaka Batavia, bandari ya Waholanzi, ambayo leo ni Jakarta. Ilikwenda tupu na nyepesi. Uzito wake ilikuwa imeuacha juu ya vichwa vya watu wa kusini.

Mara ya tatu, mwaka 1917, walijaribu kuleta vifaa kwa chombo cha angani, puto kubwa la injini lililoitwa L59, kutoka Bulgaria. Kilifika Sudan kikarudishwa njiani. Baada ya hapo hakuna kilichokuja.

Waliobeba walikuwa pande zote mbili, na lazima niseme hivyo, maana Mwingereza naye alikuwa anabebewa. Kikosi chake cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps; kwa ulimi wetu ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mtu anakwenda Kariakoo kununua kanga na viatu, na anakanyaga jina la kambi ya wapagazi. Waliokufa katika wapagazi wa Waingereza na vifo vyao vikaandikwa ni zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli inakaribia 100,000. Hawakufa kwa risasi, wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa, na unga usioiva kwa sababu hakukuwa na muda wa kupika. Wa upande wa Wajerumani walichukuliwa vijijini, wengine kwa kamba shingoni, na jeshi likisogea walihesabiwa kama nyumbu wanavyohesabiwa. Huko Ugogo, majeshi yalipokwisha kupita na kuchukua chakula, ng'ombe na wanaume, ikaja njaa ya 1917 mpaka 1920 ambayo Wagogo wenyewe waliipa jina, Mtunya, na jina hilo bado linatajwa.

Pale Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Chini yake pana maandishi ya Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, yanayowataja wapagazi kuwa walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Nimesimama mbele yake mara nyingi. Maneno yapo. Lakini inueni macho: aliyesimama juu ya jiwe ni askari na bunduki yake. Mpagazi yuko kwenye maandishi, chini, usawa wa miguu ya wapita njia.

Hapa Manza hatuna hata maandishi. Nahodha tunaye kwa jina, manowari tunayo kwa jina, hata injini iliyoharibika inajulikana ni ya meli gani. Aliyezama ngamani na kamba mdomoni, na aliyepanda na kasha kutoka ufukweni kwenye mvua ya masika, hao walikuwa babu zetu, na majina yao yalibaki majumbani, kwa bibi na watoto. Mengine yangali majumbani.

Kwa hiyo wazee wangu, nimekuja na daftari. Lile pale mezani, lenye jalada la bluu. Wajukuu zangu wawili watakaa nalo mpaka sala ya alasiri, wanaandika vizuri na wana subira. Aliye na jina la mtu wa kwao aliyebeba mzigo wa Manza, au aliyechukuliwa upagazi akarudi au asirudi, naomba apite pale. Jina, kijiji, jina la mama yake kama linajulikana. Kama ni wimbo waliokuwa wakiimba njiani, uimbeni, wataunakili. Ninyi vijana, mkifika nyumbani leo waulizeni walio vitandani ambao hawakuweza kuja. Kesho Jumapili daftari litakuwa Moa, nyumba iliyo karibu na kisima, kuanzia saa mbili.